Kifurushi kisipofika mkononi mwa mwenyewe

Dereva anayeshindwa kukabidhi kifurushi aandike taarifa akiwa bado mlangoni, kabla hajarudi garini, kwa sababu saa na mahali vinavyonakiliwa wakati huo na kifaa chake cha mkononi anachoandikia taarifa ndivyo vitakavyomtetea iwapo mteja atalalamika kwamba hakuna aliyefika. Maneno "mteja hayupo" pekee hayatoshi hata kidogo. Aeleze alichokiona na alichokifanya: kwamba alibisha hodi, akapiga simu ambayo haikupokelewa, geti lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na namba ya nyumba haionekani kutoka barabarani. Hilo la mwisho, kwa maoni yangu, ndilo lenye thamani kuliko yote, maana atakayerudi kesho huenda akawa dereva mwingine kabisa.

Jirani akipokea kwa ruhusa ya mteja, liandikwe jina la jirani huyo na namba ya mlango wake, wala asiandikwe kana kwamba ndiye mteja. Boksi lililobonyea au kulowa lipigwe picha kabla ya kukabidhiwa, lebo ikionekana vizuri. Sababu ya kushindwa kukabidhi isiyokuwamo kwenye orodha ya sababu iliyo katika kifaa isilazimishwe kuingia katika ile inayoikaribia, bali iandikwe kwa maneno kwenye sehemu ya maelezo.