Nani aligawa ardhi, nani aliomba mvua: namna ya kuandika historia ya dini na utawala katika mtaa wako wa Tabora

Ukimuuliza mzee wa Tabora, "Zamani watu wa hapa walikuwa dini gani?", atakujibu kwa neno moja, na kazi itakuwa imeishia hapo. Swali hilo lifute. Andika haya matano mahali pake: nani aligawa ardhi, nani aliendewa mvua ilipochelewa, nani aliamua kesi, nani aliandika barua za mtawala, nani alisimamia maziko. Dini na utawala hukutana kwenye kazi hizi, na mkono unaozishika hubadilika pole pole, kazi moja baada ya nyingine.

Fungua kurasa mbili za daftari kubwa zinazotazamana. Chora safu tano, moja kwa kila kazi, kisha ukate mistari minne ya nyakati: kabla ya 1893, mwaka ambao Isike, mtemi (yaani mtawala wa jadi) wa Unyanyembe, nchi ya Tabora, aliangushwa na Wajerumani; 1893 hadi Septemba 1916, Wabelgiji walipoingia mjini; kutoka hapo hadi uhuru wa 1961; na miaka ya kwanza ya uhuru, ambamo utemi ulifutwa mwaka 1963. Kila kisanduku kiwe na nafasi ya majina mawili au matatu, kwa sababu mara nyingi kazi moja ilishikwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Hapo ndipo penye utamu.

Jaribu kwanza na habari zinazojulikana. Karibu na 1860 mtemi Mnywasele aligombana na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe juu ya ushuru. Walimwondoa kwa bunduki, wakamweka Mkasiwa. Mwenye haraka ataandika kwamba Uislamu ulishika dola. Sasa jaza visanduku. Bunduki na biashara zilikuwa kwa Waarabu, kweli. Lakini kitini hawakumweka Mwarabu mwenzao. Walimchukua mtu wa ukoo wa kitemi, maana mvua, ardhi na matambiko ya mababu vilibaki ikulu. Mtemi aliyeshindwa na mvua angeweza kuondolewa na watu wake mwenyewe, na mzigo wa namna hiyo mgeni hawezi kuubeba. Urambo nako, mwaka 1879, mtemi Mirambo alimpokea daktari Southon wa misheni ya London, akampa mahali pa kukaa, na yeye mwenyewe hakubatizwa. Tiba na mawasiliano na nje vilipata mkono mpya. Kiti kikabaki palepale.

Safu ya barua usiipuuze. Wajerumani walipotawala walihitaji watu wanaojua kusoma na kuandika, na wengi waliokuwa tayari ni Waislamu wenye Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Ndio maana maliwali na maakida (wakuu wa wilaya na tarafa chini ya Wajerumani) na makarani wengi wa koloni walikuwa Waislamu, ingawa serikali yenyewe ilikuwa ya Wakristo. Baadaye shule za misheni na herufi za Kirumi ziligeuza mambo. Shule ya serikali ya Tabora, iliyofunguliwa 1925, ilianza kwa kulenga watoto wa watemi. Uliza kila familia: wa kwanza kusoma alisomea wapi, chuoni kwa mwalimu wa Kurani au misheni, na alipata kazi gani baada ya hapo?

Mazungumzo yafanyike kati ya Juni na Oktoba, watu wakiwa hawako shambani. Epuka Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa ukiwa na barua, kisha nenda nyumbani kwa mzee na kilo ya sukari, umwamkie. "Mwangaluka" ya asubuhi kwa Kinyamwezi itakufungulia mlango kuliko barua yako. Rekodi kwa simu, lakini zima intaneti na upigaji ili mlio usikate maneno. Faili la WAV la saa moja, mono, hula kama MB 320, basi hakikisha nafasi ipo. Dakika 60 hadi 90 zinamtosha mzee. Kuandika saa moja ya mazungumzo neno kwa neno huchukua saa tano au sita. Asiyepanga muda huo huishia na rekodi tu, bila maandishi ya kusomwa na mtu.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kumhoji mzee mbele ya shekhe au katekista wake. Hapo matambiko yote hugeuka "mambo ya zamani, tuliacha". Mhoji peke yake, na usiseme "ushirikina". Sema "mlikuwa mnafanyaje mvua ikikataa?"

Tarehe nazo zina mitego. "Vita vya Mjerumani" inaweza kuwa ya Isike, 1893, au ile ya 1914 hadi 1916; uliza kama reli ilikuwa imefika, maana Tabora ilifika 1912. Jina Fundikira limeshikwa na watemi wa karne mbili tofauti, kwa hiyo andika kila mara ni mtoto wa nani. Mwenye miaka 85 leo hakuuona utawala wa Mjerumani. Muulize alisikia kwa nani, uandike.

Ukionyeshwa barua ya zamani, usiipeleke kutiwa plastiki, maana ule moto huiunganisha karatasi na plastiki moja kwa moja. Ipige picha kivulini bila flashi, rula kando yake. Katika maandishi hayo ya zamani e na i huandikwa sawa, o na u vilevile, kwa hiyo jina lisome pamoja na wenye ukoo. Mwaka wa Hijria ugawe kwa 33, toa jibu kwenye mwaka huo, ongeza 622: 1300 inakupa 1882 au 1883.

Makaburi pia husema. Toka Tabora, Makka iko kaskazini, digrii kama 14 kuelekea mashariki. Kaburi la Kiislamu basi hulala mashariki na magharibi, kichwa upande wa mashariki. Ukoo wenye makaburi ya namna hiyo na misalaba ubavuni umekuonyesha mwaka wa mabadiliko, ukisoma tarehe.

Maandishi ya Wamisionari ni muhimu, ila kumbuka Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, waliihama misheni yao ya Kipalapala 1889 wakiwa wamekosana na Isike. Chukua matendo wanayoyataja. Hukumu zao juu yake zipime.

Kuvunjwa kwa Jumuiya ya Waislamu ya Afrika Mashariki mwaka 1968, na kuingia kwa BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, bado kunauma. Acha hilo liwe swali la mwisho. Usichapishe kamwe nani ni mjukuu wa mtumwa, wala jina la aliye hai katika habari yoyote ya uchawi. Katika mkoa huu bibi wazee wameuawa kwa tuhuma hizo.

Ukimaliza, rudi kwa kila mzee, umsomee kurasa zake kwa sauti, kalamu nyekundu mkononi, aseme palipokosewa.