Mbegu ya Mchicha Haizikwi: Kina cha Kupanda Bustani ya Nyumbani Pamoja na Watoto

Vuli ikianza, lalamiko ni lilelile: "Mbegu za dukani feki, tumepanda na watoto, hakijaota kitu." Kwangua udongo wa tuta hilo polepole kwa ncha ya kisu, utayaona mambo. Mbegu zipo. Ziko sentimita tatu au nne chini, na nyingi zimeshachipua kijimkia cheupe kilichojikunja na kuoza kabla ya kuona jua. Hazikuwa feki, zilizikwa.

Mtoto hana kosa hapo. Kaambiwa "toboa kwa kidole, tia mbegu, fukia", naye kafanya hivyo hivyo. Maelekezo hayo ni ya mahindi na maharage, na mzazi kayatoa shambani kayaleta bustanini kama yalivyo. Hasara yake ni pakiti nzima ya mbegu, wiki mbili za maji, na mtoto anayesusa bustani kwa sababu tuta la jirani limeota na lake ni jangwa. Halafu pakiti ya pili inanunuliwa na kuzikwa vilevile.

Kinachotokea chini ya udongo kinaeleweka ukilinganisha mbegu mbili. Punje ya haragwe ina chakula tele ndani ya vile vipande vyake viwili, na inaweza kusukuma udongo wa sentimita nne na kutokeza. Mchicha hauna akiba hiyo: gramu moja tu ina mbegu zaidi ya elfu moja, kila moja ina upana wa milimita moja hivi. Chipukizi lake linaishi kwa chakula kidogo sana mpaka lifike kwenye mwanga na kuanza kujitengenezea chake. Likifukiwa sentimita nne, akiba inaisha njiani. Likiwekwa juu juu bila kufunikwa kabisa, jua la saa tano linalikausha, na sisimizi wanajibebea.

Kwa hiyo shikeni vipimo hivi. Mchicha na mnavu ni nusu sentimita. Udongo ukiwa wa kichanga kama wa ukanda wa Pwani, unaokauka upesi juu, nendeni mpaka sentimita moja, basi. Karoti, sukuma wiki, nyanya, hoho na vitunguu ni kati ya nusu sentimita na sentimita moja. Bamia sentimita mbili, baada ya kulowekwa usiku kucha. Maboga mbili hadi tatu. Kunde tatu. Maharage tatu hadi nne. Kama una mbegu ambayo haimo hapa, ifunike kwa udongo wenye unene wa mara mbili au tatu ya unene wa mbegu yenyewe, ukiongeza kidogo kwa zile ndogo kabisa ili zisikauke.

"Nusu sentimita" kwa mtoto wa darasa la pili ni maneno tu. Mpe kizibo cha chupa ya soda. Kimo cha kizibo ni milimita sita, ndicho kina tunachokitaka. Tandaza kamba kukatiza tuta, kisha mtoto akandamize kizibo, upande wa bapa ukiwa chini na meno yakiangalia juu, mpaka ncha za meno zilingane na uso wa udongo. Akitoe, akikandamize tena pembeni pale pale, akifuata kamba. Mstari wa mita moja unachukua karibu mara thelathini na tatu, na watoto hupenda kuzihesabu. Kinachobaki ni kijifereji chenye kina kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho na kitako kilichoshikamana kidogo. Kitako hicho kina kazi: unyevu wa chini unapanda mpaka kwenye mbegu, tofauti na udongo ulioachwa na mapengo ya hewa. Kama kizibo kinawaponyoka, kigongomelee kwa msumari kwenye ncha ya kijiti.

Kidole kibaki kwa mbegu kubwa. Pingili mbili za kidole cha shahada cha mtoto wa miaka saba ni karibu sentimita tatu, zinatosha kunde na maharage. Mpimeni kwa rula yake ya shule kwanza, mchore alama kwa kalamu kwenye kidole, maana vidole havifanani. Wale wa miaka mitatu minne wapeni maboga na maharage tu. Mchicha mikononi mwa mtoto wa umri huo unaishia kwenye rundo moja kona ya tuta.

Na hilo rundo ni kosa la pili, pacha wa lile la kwanza. Anayezika sana kwa kawaida anamwaga sana pia, kwa hesabu kwamba zikiwa nyingi, chache zitapona. Zikiota zote kwa bahati, zinaota kama zulia, hewa haipiti, na kinyausi kinaingia: shina linalainika pale linapogusana na udongo, miche inalala chini asubuhi moja kama imekatwa kwa wembe. Ukienda kununua dawa ya kunyunyizia hapo umechelewa. (Miche ikiwa imekatwa kweli na kuachwa palepale, ukafukua kando ukakuta kiwavi mnene wa kijivu amejikunja, huyo ni sota. Mtoe kwa mkono.)

Hesabu ya tuta la watoto iwe hivi. Upana mita moja, ili mkono wa mtoto ufike katikati kutoka upande wowote bila kukanyaga. Kwa mdogo zaidi punguza mpaka sentimita 80. Urefu mita mbili. Mistari ikatize upana, wa kwanza sentimita 20 kutoka ukingoni na mingine kila sentimita 20, utapata mistari tisa. Mbegu ya mchicha kwa tuta zima ni gramu moja, yaani robo ya kijiko cha chai kwa usawa. Ndiyo, robo. Ichanganye na kikombe kimoja, mililita 250, cha mchanga mkavu uliochekechwa, koroga vizuri, na kila mstari upate karibu vijiko viwili vya chakula vya mchanganyiko huo, visivyojaa sana. Mchanga mweupe unasaidia, mtoto anaona alipopita na asipopita. Mchanga mbichi haufai kabisa: mbegu zinagandana nao na mistari miwili ya kwanza inabeba zote.

Karoti nazo zipandwe hivyo hivyo kwenye tuta lenyewe, hazihamishwi. Nyanya, hoho na sukuma wiki ziatikwe kitaluni kwanza, mistari ya sentimita 10 hadi 15, na miche ihamishwe ikiwa na majani halisi manne hadi sita, kwa kawaida wiki ya nne mpaka ya sita.

Kufunika ndiko wengi wanakoharibu hata baada ya kupima vizuri. Mtoto kapanda kwa kizibo, kamaliza, mzazi anakuja na reki anavuta udongo wa kando na kuongeza "kidogo". Kidogo hicho ni sentimita mbili nyingine! Weka reki chini. Chukua mboji iliyoiva na mchanga, nusu kwa nusu, chekecha kwa chekecheo la unga mlilolistaafisha, jaza kijifereji mpaka kilingane na tuta na uishie hapo. Gonga kidogo kwa kiganja. Msikanyage, na msishindilie kwa mgongo wa jembe. Kwenye udongo wa mfinyanzi, hasa ule mweusi wa mbugani, mchanganyiko huo ni wa lazima, kwa sababu mfinyanzi ukilowa na kupigwa na jua unafanya ukoko mgumu juu ambao chipukizi la mchicha haliwezi kuupasua hata kama kina kilikuwa sahihi. Samadi mbichi isije karibu na mistari. Inaunguza mizizi, na kwa mikono ya watoto inaleta minyoo na kuhara. Iliyooza vizuri haina joto ukiishika na hainuki kinyesi. Hata hiyo, mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kazi.

Baada ya hapo tandaza nyasi kavu, nyembamba kiasi kwamba bado unauona udongo kati yake. Zinazuia matone ya mvua na ya keni ya kumwagilia kufukua mbegu.

Maji: lita tano asubuhi na lita tano jioni kwa tuta hilo la mita mbili za mraba, mpaka mbegu ziote. Mvua ikinyesha acheni. Watoto wasipewe jagi wala ndoo. Jagi moja likimwagwa kutoka kiunoni linafukua mstari wa kwanza na kuuzika wa pili, na mmerudi kule kule. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, toboa kifuniko matundu kumi hadi kumi na tano kwa msumari mwembamba uliopashwa moto (kazi hiyo ni ya mtu mzima), na mtoto amwagilie akiishika karibu na udongo. Chupa saba jumla kwa siku zinatosha, tatu na nusu asubuhi na tatu na nusu jioni. Usiku na mchana udongo wa juu usikauke hata mara moja katika siku tano za mwanzo, kwa sababu mbegu iliyokwisha kunywa maji na kuanza kuchipua ikikauka haifufuki.

Siku ya tatu asubuhi mtoto ainue nyasi achungulie. Mchicha kwenye joto la Pwani au Morogoro huota siku ya tatu hadi ya tano; Lushoto au Njombe mwezi Juni na Julai subirini wiki moja au zaidi. Nyanya siku tano hadi kumi. Karoti ni mvivu, siku saba mpaka ishirini na moja, na wengi wanalivuruga tuta siku ya kumi wakidhani limekufa. Marufuku kufukua kuangalia kama mbegu imeota. Watoto wataomba, na watu wazima hufanya hivyo kwa siri.

Mara tu vichwa vya kijani vinapoonekana katika nusu ya mstari, nyasi zitolewe jioni hiyo hiyo. Kesho ni kuchelewa. Miche iliyokaa siku mbili chini ya nyasi inarefuka na kupauka, shina jembamba kama uzi, na ukiifunua saa sita inaanguka.

Punguzia miche ikifika siku ya kumi hivi, mkiacha sentimita tatu kati ya mche na mche, na mara ya pili wiki ya tatu, sentimita kumi. Mtoto ashike udongo kwa vidole vya mkono mmoja na kung'oa kwa mwingine, ili asiilegeze ile inayobaki. Fanyeni baada ya kumwagilia. Miche ya kupunguzia ya wiki ya tatu ni mboga, msitupe.

Jambo moja la hatari ambalo wazazi wengi hawaliulizi dukani. Mbegu za rangi ya pinki, bluu au kijani kibichi kisicho cha asili zimepakwa dawa, mara nyingi ya ukungu. Mtoto asizishike kwa mikono mitupu, na wadogo, ambao kila kitu huishia mdomoni, wasizikaribie kabisa. Ombeni mbegu zisizopakwa dawa kwa ajili ya tuta la watoto, au mtu mzima apande hizo mwenyewe akiwa na glavu. Mabaki ya mbegu hizo hayatupiwi kuku wala hayaliwi.

Na kabla ya kurudi dukani kugomba, pimeni mbegu. Hesabu ishirini, zipange juu ya kitambaa cha pamba kilicholowa na kukamuliwa, kunja, tia ndani ya mfuko wa plastiki usiofungwa kabisa, weka mahali penye joto na kivuli. Kitambaa kisikauke. Siku ya tano kwa mchicha, ya kumi kwa nyanya, hesabuni zilizochipua. Kumi na sita kwenda juu, mbegu ni nzima na kosa liko tutani. Chini ya kumi, sasa una haki ya kulalamika: beba pakiti yenye lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali ya Tanzania inayothibitisha ubora wa mbegu) na tarehe ya mwisho ya matumizi, na risiti. Mgagani una hesabu yake peke yake, kwa sababu mbegu yake iliyovunwa karibuni hulala miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota; tumieni ya msimu uliopita.

Ikienda sawa mtang'oa au kukata mchicha wiki ya tatu hadi ya nne. Mkikata, kateni sentimita kumi na tano kutoka chini ili uchipue tena.

Msipande tuta zima siku moja. Mistari mitatu leo, mitatu baada ya siku kumi na nne, mitatu mingine baada ya kumi na nne tena, kila awamu ikipata theluthi ya kile kikombe cha mchanga. Mbegu zinazosubiri zikae kwenye chupa kavu yenye kifuniko, mbali na jiko.