Jinsi ya kusoma mashairi ya Dennis Brutus bila kupotea njia (daftari kwanza, kitabu baadaye)

Kila nikimwazima mtu mashairi ya Dennis Brutus, yule Msauzi, baada ya siku mbili tatu narudishiwa kitabu na malalamiko. Mmoja anasema mbona mepesi hivi, mbona kama barua tu za nyumbani, mwingine kapata yale ya mwanzo anasema jamani haya mbona magumu, huyu mtu anataka nini. Wote wako sahihi ila wamekosea kitu kimoja, wamesoma shairi peke yake. Huyu mzee ukimsoma bila kuweka pembeni orodha ya vitu alivyokatazwa na serikali ya makaburu umesoma nusu tu, kwa sababu hata namna anavyopanga maneno ilitokana na hayo makatazo.

Sasa naeleza tunavyofanya sisi kwenye kikundi chetu, watu sita saba jumapili jioni, chai na maandazi juu ya mwenye nyumba.

Chukua daftari, chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika WAMEMKATAZA NINI, kulia andika YEYE KAFANYA NINI. Hapo hujafungua kitabu bado. Kushoto anza na 1950, mwaka ambao walipitisha sheria ya kuandikisha kila mtu kwa rangi, Brutus akawekwa kwenye fungu la machotara, na mwaka huohuo ikaja sheria ya kuzuia ukomunisti ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kumwita mkomunisti karibu kila mtu aliyewapinga. Kulia andika kwamba kazaliwa 1924 Salisbury, ndo Harare ya leo, wazazi wake watu wa Afrika Kusini, kakulia Port Elizabeth, kasoma chuo cha Fort Hare, akawa mwalimu wa sekondari. Mwalimu huyu aliona wanafunzi wake wenye vipaji vya michezo hawawezi kuchaguliwa timu ya taifa kwa sababu ya ngozi tu, basi mwaka 1958 akawa kati ya walioanzisha chama cha michezo cha kupinga huo ujinga, na 1962 ikaja SANROC, kamati ya olimpiki isiyobagua rangi. Angalia hapo, mshairi ila silaha yake kubwa ni michezo. Watu wengi hupita hapo haraka, usipite.

Rudi kushoto. Kuanzia 1961 wakamshushia amri za marufuku, moja baada ya nyingine. Haruhusiwi mikusanyiko. Haruhusiwi kufundisha. Haruhusiwi kuandika kitu cha kuchapishwa, na mtu mwingine akinukuu maneno yake naye kavunja sheria. Kulia: mwaka 1963 kitabu chake cha kwanza kinatoka Ibadan, Nigeria, kwenye jumba la uchapishaji la Mbari. Nchini kwake hakigusiki. Hao hao Mbari walishampa zawadi ya ushairi akaikataa kwa sababu ilikuwa ya weusi peke yao, akasema kwa maana hiyo hiyo ya kupinga ubaguzi hawezi kuipokea. Kwenye kikundi tulibishana hapa karibu saa nzima, dada mmoja anasema huo ni ugumu wa kichwa tu, zawadi si zawadi. Mi nadhani mtu aliyepangiwa maisha yote na karatasi ya rangi hawezi kuona hilo jambo dogo.

Ukifika 1963 weka peni chini, simulia kwa mdomo, wasikilizaji waache kutafuna. Walimkamata kwa kosa la kwenda kwenye kikao kuhusu mambo ya olimpiki, maana mikusanyiko kakatazwa. Akiwa nje kwa dhamana akatorokea Swaziland, akaingia Msumbiji akitaka kufika Baden-Baden Ujerumani kwenye mkutano wa kamati ya olimpiki, polisi wa Mreno, ndo aliyekuwa anaitawala Msumbiji, wakamdaka wakamrudisha kwa makaburu. Katikati ya Johannesburg akachomoka mikononi mwa askari, mbio, wakampiga risasi mgongoni. Ambulensi ikaja. Kumbe ya wazungu, ikaondoka, yeye kalala pale kwenye lami damu inatoka anasubiri ije ya watu wa rangi yake. Ukishasimulia hiyo ndo uwaambie waandike kushoto: "ambulensi". Neno moja linatosha.

Alipona, akapewa miezi 18, akapelekwa jela ya kisiwani, Robben Island, kuponda mawe, wakati mmoja na akina Mandela. Yuko kule kisiwani 1964 ndo Afrika Kusini ikazuiwa kwenda olimpiki ya Tokyo, kazi ileile aliyoifungiwa. 1970 wakafukuzwa kabisa kwenye kamati ya olimpiki.

Haya sasa fungua kitabu, na ufungue yale mashairi ya barua, Letters to Martha, yaliyotoka 1968. Swali la kwanza kabla ya kutafuta fumbo: anamwambia nani? Martha ni shemeji yake, mke wa kaka yake, na huyo kaka alikuwa kafungwa kisiwa hichohicho. Brutus katoka jela 1965 kawekwa kifungo cha nyumbani, kuandika mashairi hakuruhusiwi ila kumwandikia shemeji barua nani atakukataza. Ndo maana ni mepesi! Sio kwamba hajui, yale ya mwanzo yana mapambo mpaka unachoka. Mwenyewe alieleza kwamba akiwa peke yake selo aliyafikiria upya mashairi yake akaona maneno ya kujionyesha hayana kazi, mtu wa kawaida lazima aelewe. Kwa hiyo ukisema "kama barua tu" umesema kweli, ila sema ukiwa unaangalia upande wa kushoto wa daftari.

Chagua shairi moja mkae nalo. Mi huwa nachukua la nyota. Mfungwa kaamka usiku wa manane, upweke umemzidi, anataka kuona nyota. Taa zinawaka usiku kucha, dirishani anaona vidoa vyeupe tu hana hakika kama ni nyota. Anapitisha mkono kwenye nondo, anaivuta swichi ya ukorido, selo giza, anakimbilia dirishani na kweli zipo. Hapo msomaji asimame, ficha mistari iliyobaki kwa karatasi, uliza wenzako wanadhani inaishaje. Kila mtu atakupa mwisho mtamu, uhuru, matumaini, Mungu mkubwa. Alafu funua. Buti zinakuja, mlinzi wa bunduki juu anafoka, na mshairi anasema anachokumbuka usiku ule ni lile karipio, sio nyota. Mara ya kwanza tumelisoma kikundi kizima kilikaa kimya, mwenye nyumba akasahau chai jikoni ikachemka mpaka ikamwagikia jiko.

Kosa la kuepuka, na hili nimelifanya mwenyewe kwa hiyo nalijua. Brutus anaiongelesha nchi kama mpenzi, anaitafuta, anaikumbatia, anaumia. Sisi watu wa taarabu mafumbo tumeyazoea, tukiona mpenzi tunajua pengine sio mpenzi, lakini kwa Kiingereza akili inalala. Nikalichukua shairi lake maarufu kuhusu upole unaobaki hai nikalisoma kwenye sendofu ya binamu yangu, maiki mkononi, suti nimeazima, nafika katikati naanza kusoma doria za polisi zinajikunjua kama nyoka kwenye lami ya usiku na buti zinapiga mlango... wazee wa upande wa pili wakaanza kutazamana. MC akaniokoa na muziki. Kwa hiyo ukikuta mahaba kwake tafuta kwanza buti iko mstari wa ngapi.

Mkitaka kutafsiri, msilazimishe vina na mizani kwenye zile barua, zitageuka kitu kingine. Tafsiri kama unavyomwandikia shemeji yako kweli. Na mkimaliza someni Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mashairi ya jela vilevile, Kenya 1969 mpaka 1972, serikali ya Waafrika wenyewe hiyo, aliandika kwenye karatasi za chooni lakini vina na mizani vimenyooka. Linganisheni, mmoja jela imemvua mapambo, mwingine kaishikilia bahari yake ya utenzi na shairi kama kamba. Hapo mtabishana mpaka usiku, wekeni nauli ya bodaboda.

Daftari msilifunge 1966, alipopewa kibali cha kuondoka na asirudi. Kushoto bado kunajaa. 1970 alitoa kitabu Texas kwa jina la John Bruin ili kiweze kuingia nyumbani, maana jina lake lilikuwa marufuku. Hata Marekani alikokuwa profesa walitaka kumfukuza nchini, akahangaika na kesi mpaka 1983 ndo akaruhusiwa kubaki kama mkimbizi. 1990 marufuku ya makaburu ikaondolewa, kushoto kukawa kweupe. Kulia andikeni 2007: wanamwita jukwaani kumwingiza kwenye jumba la heshima la wanamichezo wa Afrika Kusini, anapanda, anawarudishia zawadi yao mbele ya watu, kwa sababu hakutaka kukaa ukuta mmoja na wale waliocheza na kusimamia michezo ya kibaguzi. Alifariki Cape Town Desemba 2009. Ukifika hapo yule dada aliyesema ugumu wa kichwa mrudishie swali lake.