Kabla hujaleta kijibwa nyumbani, panga msosi wake kwanza

Siku hizi hapa Dar watu wanachukua sana hivi vijibwa vya ndani, Chihuahua, Maltese, Pomeranian, na wanachouliza ni bei na chanjo tu, msosi unafikiriwa mbwa akishafika na hapo ndo anawekewa ugali na mchuzi wa jana. Naomba ulifikirie hilo mapema, maana mbwa wa kilo 3 kitu kidogo tu kinamzidi.

Mchuzi ndo hatari yenyewe. Nyumba gani hapa mjini inapika bila kitunguu? Na kitunguu, kiwe maji kiwe saumu, kibichi au kilichoiva mpaka kikapotelea kwenye rojo, kinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na huoni siku hiyohiyo, zinaweza kupita siku kadhaa ndo fizi zinapauka, anahema, mkojo umekuwa kama chai ya rangi na wewe ushasahau alikula nini. Kwa hiyo ongea na dada na watoto kabisa, cha mbwa kinatolewa pembeni kabla kitunguu hakijaingia sufuriani. Na wale wanaosema saumu inatoa minyoo, jamani, minyoo inatolewa na dawa ya minyoo, anapimwa uzito ndo anapewa dozi.

Eti mbwa ni nyama tu. Nyama tupu kalsiamu yake ni ndogo mno, mtoto wa mbwa anayekua mifupa inalegea. Eti nyama mbichi inamfanya mkali, hapana, itakachomletea ni bakteria, yeye na nyie mnaomshika. Mifupa ya kuku iliyopikwa usitoe kabisa, inapasuka ncha kali. Chokoleti na zabibu ni sumu kwake.

Kwenye bajeti weka punje za kiwandani, yaani chakula kikavu cha mbwa, zilizoandikwa ni mlo kamili kwa umri wake, maana kupika peke yake mpaka madini yote yatimie ni kazi. Zile za kupima kutoka gunia lililo wazi mi sizishauri, kwa joto letu hili mafuta yake yanachacha haraka, bora mfuko mdogo unaofungika. Ukipika, nyama isiyo na mafuta, wali, karoti, dagaa waliooshwa mchanga na chumvi ikatoka, ila unga wenye ukungu usiseme huo ni wa mbwa, sumukuvu inamuua ini.

Mtoto wa mbwa anakula mara 3 au 4 kwa siku, akikaa njaa sukari inashuka, anatetemeka, analegea, kwa hiyo weka asali au glukosi karibu, unampaka kwenye fizi huku unamkimbiza kwa daktari wa mifugo. Mkubwa mpapase mbavu, ukizitafuta sana ujue kanenepa, na chapati moja inakaribia kalori zake za siku nzima, so wageni wasimrushie.

Siku ya kumchukua muulize muuzaji alikuwa anakula nini na saa ngapi, omba na kidogo cha kuondoka nacho, uchanganye na chakula kipya taratibu kama siku 7, ukibadilisha ghafla ataharisha.