Kabla hujashika bisibisi: maandalizi ya kuunda kompyuta yako ya kwanza ya gemu

Swali ninaloulizwa zaidi na mtu anayetaka kuunda kompyuta yake ya kwanza ya gemu ni hili: prosesa ipi ni kali? Nami hulijibu kwa maswali mawili. Unacheza gemu gani, na utazitazama kwenye monita ipi? Asipokuwa na majibu, namwomba asinunue kitu bado. Kompyuta huundwa kwanza kwenye karatasi, na makosa yanayouma zaidi hufanyika siku ya kununua. Skrubu iliyokosewa hufunguliwa ikafungwa upya. Kadi ya grafiki (ile inayochora picha) isiyoingia kwenye kasha, au RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) isiyokubaliana na mazabodi (bodi kuu inayounganisha vipuri vyote), ni pesa iliyolala.

Basi chukua kalamu. Andika gemu tatu au nne utakazozifungua wiki baada ya wiki, kisha tafuta mahitaji ya kila moja. Soma yale yanayopendekezwa na uyaache yale ya chini kabisa, kwa sababu mahitaji ya chini maana yake ni kwamba gemu itafunguka, basi.

Kisha andika monita. Monita ya 1920 kwa 1080 ina pikseli kama milioni 2.1. Ya 2560 kwa 1440 ina milioni 3.7, na ya 4K, yaani 3840 kwa 2160, inafika milioni 8.3. Kadi ya grafiki inazipaka rangi zote hizo upya kwa kila fremu, mara 60 au 144 au zaidi kwa sekunde. Ndiyo maana kadi inayotamba kwenye 1080 huanza kuhema ukiihamishia kwenye 4K: pikseli zimekuwa mara nne. Na upande wa pili upo vilevile. Monita ya 60 Hz huonyesha picha 60 tu kwa sekunde hata kadi ikizalisha 200, kwa hiyo mtu mwenye monita ya zamani anaweza kulipia nguvu asiyoiona kamwe. Anayecheza gemu za kulengana risasi mtandaoni atanufaika zaidi na 1080 ya 144 Hz au zaidi, na atahitaji prosesa ya kutosha, maana fremu nyingi huibana prosesa kuliko kadi. Anayependa gemu za hadithi, za kutembea taratibu na kutazama mandhari, afadhali aweke pesa kwenye 1440 na kadi nzuri.

Ukishajua hayo, bajeti inajipanga. Kwenye kompyuta ya gemu kadi ya grafiki ndiyo hula fungu kubwa, mara nyingi theluthi moja au hata karibu nusu ya pesa yote ya vipuri, na usione vibaya. Angalia pia kumbukumbu ya kadi yenyewe. GB 8 bado zinafanya kazi kwenye 1080, ila gemu mpya zimeanza kuzijaza, na kwa 1440 mimi ningeanzia GB 12. RAM ya kompyuta iwe GB 16 kwa uchache, na iwe vipande viwili badala ya kimoja kikubwa, ili prosesa isome kupitia njia mbili kwa pamoja.

Vitu ambavyo watu husahau kuviandika ni vingi. Leseni ya Windows. Kibodi, maus, vifaa vya masikioni. Wi-Fi, kwa kuwa mazabodi nyingine haina kabisa. Kipozajoto cha prosesa pia, kwa kuwa baadhi ya prosesa, hasa zile za Intel zenye herufi K, huja bila feni kwenye boksi. Na kama umeme unakatika au unayumba ulipo, kifaa cha kulinda umeme kiingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Sasa kuoana kwa vipuri. Prosesa hukaa kwenye soketi, na soketi ya mazabodi lazima iwe ileile ya prosesa. Prosesa za Ryzen za AMD zilizoanza kutoka 2017 zilitumia soketi ya AM4 na RAM ya aina ya DDR4. Mwaka 2022 ikaja AM5, ambayo inatumia DDR5 peke yake. Kwa Intel, soketi ya LGA1700 iliyotoka 2021 ina mtego: kuna mazabodi zake za DDR4 na nyingine za DDR5, na majina yake yanafanana sana. RAM hizo mbili haziingiliani, pengo lililo kwenye ukingo wake limewekwa mahali tofauti makusudi. Soma jina lote la mazabodi hadi herufi ya mwisho.

Herufi nyingine ya kuichunga ni F mwishoni mwa jina la prosesa. Mara nyingi inamaanisha prosesa haina grafiki ya ndani, kwa hiyo bila kadi hutapata picha yoyote. Siyo kasoro, na bei yake huwa nafuu, lakini siku kadi itakapoharibika hutakuwa na njia ya kuipima kompyuta.

Halafu kuna BIOS, programu ndogo iliyo ndani ya mazabodi inayoiamsha kompyuta. Mazabodi iliyokaa muda mrefu ghalani inaweza kuwa na BIOS ya kabla ya prosesa yako kutoka, nayo haitaitambua. Kabla ya kununua, fungua ukurasa wa mtengenezaji wa mazabodi hiyo, tafuta orodha ya prosesa inazozikubali, uone kila moja inaanzia toleo gani la BIOS. Mazabodi nyingine zina kitufe nyuma cha kusasisha BIOS kwa flashi hata bila prosesa. Mimi kwa mtu anayeanza ningelipia kidogo zaidi nipate kitufe hicho.

Vipimo navyo viandike kwa milimita. Mazabodi ya ATX ni 305 kwa 244, micro-ATX huwa hadi 244 kwa 244, na mini-ITX 170 kwa 170. Kasha linaweza kuipokea mazabodi vizuri kisha likaikataa kadi, kwa sababu kadi nyingi za leo zinapita milimita 300. Kila kasha hutaja urefu wa kadi linaoruhusu na kimo cha kipozajoto. Ukiweka rejeta ya maji ya kupoza prosesa mbele, toa unene wake na wa feni kwenye urefu huo. Kipozajoto kirefu kinaweza kugota kwenye kioo cha ubavuni, au kikakalia RAM zenye mapambo marefu.

Nikija kwenye pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme kwa vipuri vyote, naomba uniruhusu nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo wanaoanza hubana pesa pasipostahili. Jumlisha wati za kadi na za prosesa, ongeza 50 hadi 75 kwa ajili ya feni, diski na mazabodi, kisha acha nafasi ya kupumua, kwani kadi hurusha mahitaji yake ghafla kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kadi ya wati 200 na prosesa ya wati 100 zitakuwa na raha kwenye pawa saplai ya 650. Lebo ya 80 Plus inakuambia ni kiasi gani cha umeme kinapotea kama joto. Haikuambii lolote kuhusu ulinzi wa ndani wala uimara wa vipuri vyake, kwa hivyo tafuta vipimo vya watu walioifungua na kuipima modeli hiyohiyo.

Na kebo zake, tafadhali. Pawa saplai nyingi huja na kebo za kuchomoa. Upande unaoingia kwenye diski au kadi umewekewa kanuni moja duniani kote, lakini upande unaoingia kwenye pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini apendavyo, hata kama umbo la plagi ni lilelile. Mdogo wangu alibadilisha pawa saplai akaziacha kebo za zamani ndani ya kasha, kwa kuwa alikuwa amezifunga nadhifu na plagi zilikubali kuingia. Alipowasha tukasikia mlio mdogo kama wa njiti ya kibiriti, kisha harufu ya plastiki iliyoungua. Volti 12 zilikuwa zimeingia mahali pa volti 5. Diski iliyobeba picha zake za miaka mingi haikuamka tena. Ukibadilisha pawa saplai, badilisha kebo zote.

Kama kadi yako inatumia plagi ya umeme ya pini 16, hakikisha kasha lina upana wa kutosha ili kebo isikunjwe karibu na plagi. Mwaka 2022, kadi za RTX 4090 zilipotoka, baadhi ya watu walionyesha plagi za aina hiyo zilizoyeyuka, na NVIDIA ilieleza kwamba tatizo ililolikuta mara kwa mara ni plagi ambazo hazikusukumwa hadi mwisho. Ukishaichomeka, itazame kwa tochi. Usione upenyo wowote.

Kuhusu vipuri vilivyotumika, maoni yangu ni mafupi. Prosesa na RAM huchakaa kwa nadra, nunua bila hofu kubwa, ila prosesa za AM4 zina pini chini yake, zikague moja moja kama zimesimama wima. Kadi uione ikifanya kazi nzito kwa dakika 20 mbele ya macho yako. Pawa saplai nunua mpya.

Kabla ya kufungua boksi lolote, andaa flashi ya GB 8 au zaidi ukitumia kompyuta nyingine. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo utaweka Windows 11, nayo inadai TPM 2.0 (sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri), ambayo mazabodi za sasa tayari zinayo ndani. Kwenye flashi hiyohiyo, weka draiva za mtandao za mazabodi yako, yaani programu zinazoiwezesha Windows kutumia kifaa. Mtu anayeanza hufika katikati ya usakinishaji, Windows ikamwambia aunganishe intaneti, na hakuna Wi-Fi inayoonekana kwa sababu draiva yake iko kwenye intaneti hiyohiyo. Ukipendelea Linux, hakikisha kwanza kuwa gemu zako za mtandaoni zinaikubali, maana baadhi ya mifumo ya kuzuia udanganyifu huikataa.

Vifaa vya mikononi ni vichache. Bisibisi ya nyota namba 2 yenye sumaku, tochi, vibakuli viwili vya skrubu na vifungio vya kebo. Meza iwe ya mbao na mwanga uwe wa kutosha, usifanyie kazi kwenye zulia, na gusa chuma cha kasha mara kwa mara ili umeme tuli wa mwilini uondoke. Tenga nusu siku nzima. Usianze saa tatu usiku ukiwa na hamu ya kucheza kabla ya kulala.

Siku vipuri vinapofika, vipige picha kabla hujavigusa. Kama soketi ya mazabodi yako ndiyo yenye pini, kama AM5 na LGA1700, imulike kwa tochi ukiwa umeinama: pini zote zinapaswa kung'aa kwa mistari iliyonyooka, na iliyopinda utaiona mara moja kwa kuwa inavunja mstari. Kifuniko chake cha plastiki kitunze, watengenezaji hukidai ukirudisha mazabodi kwa waranti.

Soma pia kitabu cha mazabodi, walau kurasa mbili: ile inayoonyesha RAM zinakaa sloti zipi, ambazo kwenye mazabodi za sloti nne kwa kawaida ni ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, na ile ya visoketi vidogo vya kitufe cha kuwashia. Weka alama ya kalamu.

Jiandae pia kwa nguvu itakayohitajika. Wengi hukwama hapa kwa woga. RAM hubonyezwa kwa vidole gumba hadi isikike "ta!", na mazabodi itapinda kidogo chini ya mikono yako. Kishikizo cha prosesa hukwaruza kikishuka, na hilo ni jambo la kawaida mradi pembetatu ndogo kwenye kona ya prosesa imekaa juu ya pembetatu ya soketi. Prosesa yenyewe haisukumwi kamwe, inawekwa tu. Toa karatasi ya plastiki chini ya kipozajoto, maana ikibaki joto halipiti.

Unganisha kwanza nje ya kasha, mazabodi ikiwa juu ya boksi lake, na uwashe. Usisahau kebo ya umeme ya prosesa, ile ya pini 8 iliyo kwenye kona ya juu, ambayo ni tofauti na ile kubwa ya pini 24. Na ujue mapema: kwenye DDR5 monita inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa mara ya kwanza, kwa kuwa mazabodi inaipima RAM. Usizime. Kama mazabodi yako ina taa ndogo zilizoandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi) na BOOT (kuanza kwa mfumo), zitazame, ndizo zitakazokuambia imefika wapi. Kebo ya monita iingie kwenye kadi, chini, wala isiingie kwenye mazabodi.

BIOS ikifunguka, washa XMP au EXPO, mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili, la sivyo RAM uliyoilipia itakimbia kwa kasi ya chini ya ile iliyoandikwa kwenye boksi. Na Windows ikishakaa, ingia kwenye mipangilio ya skrini uangalie Hz. Mara nyingi utaikuta 60, hata kwenye monita ya 144, hadi uibadilishe mwenyewe.