Kuotesha msambu bila kukata tamaa

Msambu, mti ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta, haukubali kila mahali. Kwao ni misitu ya mvua ya Milima ya Tao la Mashariki, Tanzania tu: Usambara Mashariki, Nguru, Uluguru, Udzungwa. Huku kwetu Amani, Usambara Mashariki, mita kama 900 juu ya bahari, ukungu unashuka na udongo haukauki ukakauka kweli. Kama shamba lako liko Muheza mjini, huko chini kwenye joto, baki na michungwa yako.

Tunda usilichume. Lisubiri lidondoke lenyewe, kisha uliwahi kabla panya buku hajafika. Yarundike kivulini, yafunike kwa majani ya mgomba siku chache mpaka yalainike. Ukilipasua utakuta mbegu za kahawia zimezama kwenye utelezi. Zisugue kwa mikono, zisuuze. Wanaokamua mafuta wanazianika juani. Wewe wa kitalu usithubutu, maana mbegu ikikauka imekufa.

Sasa menya ganda la nje, taratibu, kwa kisu kidogo, usijeruhi kiini. Mbegu isiyomenywa inaweza kulala ardhini mwaka mzima na ushei. Zilizomenywa zichanganye na mchanga wenye unyevu ndani ya mfuko mweusi wa nailoni, funga, weka kivulini. Hata hapo bado ni kazi ya miezi. Fungua mara kwa mara, zilizooza zitupe. Ikitoa mzizi, hamishia kwenye kiriba, yaani kifuko cha kuoteshea miche, chenye udongo wa msituni.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Msambu una dume na jike, na mche haukuambii ni upi mpaka uchanue, jambo linaloweza kuchukua miaka zaidi ya kumi. Ukalee mti muda wote huo uje kuwa dume? Mche ukifikia unene wa penseli, bebesha, yaani pachika juu yake kikonyo, kijiti cha mti mwingine. Kikonyo kitoe kwenye jike unalojua linazaa sana. Kisu kiwe kikali kweli: utomvu unatoka papo hapo, kwa hiyo kata mara moja, pangusa, pachika, kaza kwa utepe wa nailoni, kisha vika kifuko juu kuhifadhi unyevu. Madume machache yabaki jirani, la sivyo majike yatachanua bure.

Shambani panda mwanzo wa mvua, katikati ya iliki au chini ya miti mingine. Msambu mchanga na jua la wazi havipatani. Majani makavu yarundike kuzunguka shina, ila yasiliguse.