Namna ya kuendesha chombo cha uvuvi bila mtu kumwonea mwenzake

Vijiweni Tanga utasikia kwamba duniani ni mawili tu: umkalie mwenzako au akukalie. Mwenye nguvu mpishe. Maneno hayo yana asili yake. Katika mashamba ya mkonge ya mkoa huu, manamba, yaani kibarua wa mkataba, alifanya kazi kwa kipande, kadi ya kuhesabia siku 30, na aliyekitia alama kipande hicho alikuwa mnyapara, msimamizi wake. Siku isiyotiwa alama haikulipwa.

Hata hivyo, tajiri mwenye chombo, nahodha na mabaharia wanaweza kufanya kazi pamoja miaka mingi bila yeyote kugeuzwa mtumwa. Uonevu chomboni hukua pale hesabu inapojulikana na mtu mmoja tu, na mwingine anapokosa njia ya kuondoka. Shughulikia hayo mawili kabla ya kuzungumzia tabia za watu.

Anza na amri. Kuanzia nanga inapong'olewa hadi inapotiwa, neno la nahodha ndilo neno. Upepo wa kusi ukichafuka hakuna muda wa kikao, na chombo chenye manahodha wawili huzama. Lakini mamlaka hayo yana mipaka, nayo itajwe mapema mbele ya wote. Baharia anaweza kukataa kutoka siku ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari ya upepo mkali, akakosa fungu, yaani mgao wake, la siku hiyo tu, kazi yake isiguswe. Akikataa kuvua kwa baruti, asikatwe hata senti. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza baruti, na wakikamatwa, wanaopandishwa kizimbani ni waliokutwa chomboni, wakati aliyetoa amri huenda amelala kwake. Nchi kavu nahodha anarudi kuwa mmoja wa wenye mafungu. Asigawe pesa peke yake.

Pesa ndipo penye vita, kwa hiyo kaeni hapo muda mrefu. Kabla ya safari ya kwanza andikeni nini ni gharama ya safari na nini ni mzigo wa chombo. Mafuta, barafu, chambo, chakula na ushuru ni gharama ya safari, vinatolewa kwanza kwenye mauzo. Matengenezo ya mashine, kushona nyavu na leseni ya chombo vinatoka kwenye fungu la chombo.

Chukua mfano wa mauzo ya shilingi 600,000. Mafuta 110,000, barafu 25,000, chakula 25,000, ushuru 20,000: jumla 180,000. Zinabaki 420,000. Mkigawana nusu kwa nusu, chombo kinapata 210,000 na watu 210,000. Mabaharia watano fungu moja moja, nahodha mawili, yanakuwa mafungu saba ya 30,000. Sasa tajiri achomeke humo plagi na propela za 70,000. Zinabaki 350,000, nusu ya watu inashuka hadi 175,000, na fungu linakuwa 25,000. Mabaharia wamelipia nusu ya matengenezo ya mashine isiyo yao, na kila fungu limepoteza 5,000 bila mtu kuinua sauti. Ndiyo maana orodha ya gharama ina uzito kuliko ukubwa wa fungu lenyewe. Wako wanaogawa mara tatu, yaani chombo, nyavu na watu. Si vibaya, mradi orodha isibadilishwe katikati ya safari.

Wekeni madaftari mawili, moja kwa tajiri na moja kwa baharia aliyechaguliwa na wenzake, asiwe ndugu wa nahodha. Yajazwe palepale mnadani: tarehe, kilo, bei, lita za mafuta, kitoweo kilichotoka, mgao. Wanaovua dagaa kwa taa wafunge hesabu kila giza linapokwisha, mwezi unapokuwa mkubwa na vyombo vimepumzika. Hesabu ikivuka giza mbili, kumbukumbu zinapotea na maneno yanaanza.

Mizani nayo ipimwe. Tundika dumu tupu, soma uzito. Lijaze maji ya bomba kwa chupa ya lita moja na nusu, chupa kumi kamili, kisha lipime tena. Tofauti iwe kilo 15. Ikisoma 13, kila kilo 15 za samaki wenu zinauzwa kama 13. Usitumie maji ya bahari, ni mazito zaidi.

Halafu kuna deni, ambalo hufunga watu kuliko kamba. Mnunuzi akiwakopesha pesa za nyavu kwa sharti la kumuuzia yeye tu, andikeni mambo matatu: kiasi, makato ya kila safari na bei. Mkopo wa 900,000 kwa makato ya 30,000 unaisha baada ya safari 30, na baada ya hapo sharti limekufa. Bei iwe ile ya mnada wa siku hiyo, iwe soko la samaki la Deep Sea mjini Tanga au kwingine mnakoshusha. Bei akiipanga mkopeshaji, anaweza kuchukua riba ya maisha bila kuiita riba. Advansi ya baharia isizidi anachopata kwa wiki ya kawaida. Akitaka kuhama, alipe kwa awamu. Simu na kitambulisho chake visishikwe.

Kudai hesabu kuna adabu yake. Nendeni wawili, siku ya mgao, kabla pesa haijaguswa, na msichague siku chombo kimerudi kitupu. "Shikamoo mzee. Tunaomba hesabu isomwe, sote tusikie." Akiitikia marahaba na kufungua daftari, msikilizeni mpaka mwisho ndipo muulize. Msimrushie neno wizi. Tajiri aliyeaibishwa mbele ya wachuuzi atatetea heshima yake, na hesabu haitasomwa tena.

Akikataa mara mbili, pelekeni daftari lenu kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi kwenye mwalo wenu, kabla giza jipya halijaanza. Mkishaingia tena baharini, malalamiko ya mwezi uliopita hayana nguvu ile ile.